Daftari la Wiki: Penseli kwenye Shingo ya Gitaa

Jumatatu. Butembo, mvua tangu alfajiri. Kijana wa jirani, mpiga gitaa wa kwaya, anautaka wimbo wa palizi wa mama yake, wa Kinande, uwe kipande cha gitaa tupu, bila maneno. Kamba ya sita ya gitaa lake ni uzi wa waya wa breki. Shingoni amekaza penseli kwa raba, sauti ipande.

Jumatano. Wanaomcheka husema hiyo ni kazi ya Wazungu. Kweli, Miquel Llobet alizipanga hivyo nyimbo za kwao Catalonia, na Agustín Barrios akazipeleka ngoma za Paraguay jukwaani. Ila mpiga gitaa Francis Bebey alikuwa Mkameruni, na mwenzake Mwenda Jean Bosco alikuwa wa Katanga yetu. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, akipiga *Masanga* kwa gumba na kidole cha shahada tu. Mwaka huohuo Tracey alifika ukingoni mwa msitu wa Ituri, akawarekodi Wanande pia. *Masanga* ilivuka bahari. Za kwetu nimewauliza vijana watano wa mtaani: hakuna aliyezisikia.

Alhamisi. David Rycroft aliiandika *Masanga* kwa noti mwaka 1961. Kazi ya uvumilivu, kwa kuwa Mwenda aliibadilisha kila alipoipiga. Karatasi hushika mapigo ya siku moja. Ya kesho yake yamo vidoleni.

Ijumaa. Arusi Beni. Zamani tungecheza mpaka majogoo. Tangu mauaji ya raia yaanze huko mwaka 2014, watu huliangalia jua kuliko saa. Saa kumi na moja viti vilikuwa vimeshapangwa juu ya gari. Wimbo wa kumsindikiza bibi arusi, ambao wazee waliuzungusha usiku kucha, umekatwa baada ya beti mbili. Nikamkumbuka yule kijana. Kipande cha dakika nne hakihitaji uwanja wala usiku.

Jumapili. Baada ya misa kijana amempigia mama yake kipande chake. Mama amesikiliza huku akimenya mihogo, kisha kisu kikasimama.

"Umekimbia, mwanangu. Jembe halijapanda."

"Wapi, mama?"

Akainuka, akashika jembe la hewani, akainama na kuinuka. Kati ya mwito na kiitikio pana kimya: jembe liko juu, hakuna anayeimba. Kwenye karatasi ya kijana kimya hicho hakikuwapo.

Akatafuta cha kuandikia. Hakuna. Akafungua raba, akachomoa penseli ya shingoni, akakitia kimya mahali pake. Alipoanza upya, gitaa lilikuwa limeshuka sauti. Alitaka kuifunga penseli tena. Mama akamzuia mkono.

"Iache hapohapo. Huko juu nilikuwa sifiki."

Akaimba.