Kodi ya fundi wa Koni: Leta ilihesabu kilichoingia, si kilichobaki

Wengi wetu hapa Likasi hatuna bwana wa kazi. Huyu anashona nguo, yule anachomelea vyuma, mama anauza unga na mafuta mbele ya nyumba. Kila mwaka ulizo ni lilelile: Leta inadai ngapi, na ni nani mwenye haki ya kupokea?

Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 juu ya biashara ndogo ilipanga hivi. Mwenye mauzo yasiyopita franka 10,000,000 kwa mwaka alilipa 50,000 tu. Kutoka hapo mpaka 80,000,000, muuza vitu alilipa 1%, na mwenye kufanya kazi za mikono au huduma alilipa 2%. Ilikuwa nyepesi kuelewa, na haikudai karani wa hesabu.

Uzito wake ulikuwa mahali pengine. Asilimia hiyo ilichukuliwa juu ya pesa yote iliyoingia, bila kutoa gharama. Tuchukue mafundi wawili wa Koni, kila mmoja ameingiza 20,000,000. Kwa mpango huo, wote wawili walilipa 400,000. Wa kwanza ana kiwanja chake, akatumia 8,000,000. Kodi ilikuwa kama 3% ya kilichobaki. Wa pili anapanga nyumba ya kazi na kununua mafuta ya jenereta (ndiyo, hata hapa Koni, jina linalojulikana kwa umeme wa Mto Lufira), akatumia 16,000,000. Kwake ilikuwa 10%. Hata aliyepata hasara alilipa.

Na wadogo kabisa? Mama mwenye mauzo ya 2,000,000 alilipa 50,000 sawasawa na mwenye 10,000,000. Kwake ilikuwa 2.5% ya mauzo, kwa mwenzake ilikuwa 0.5%. Halafu fundi aliyevuka mpaka kidogo tu aliruka kutoka 50,000 mpaka 200,000. Sishangai kwamba wengine walificha mauzo, ingawa sisemi ni vema.

Tena franka imeanguka. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Zile 10,000,000 zilikuwa kama dola 10,900, zikawa kama 3,600. Kwa hiyo mtu aliweza kuvuka mpaka bila kutajirika hata kidogo.

Katiba, kifungu cha 65, inatuagiza kulipa kodi kwa uaminifu. Kifungu cha 174 kinasema kodi inawekwa kwa sheria tu. Vyote viwili vinatuhusu. DGI ni ya taifa, DRHKAT ni ya jimbo, na patanti ya biashara ndogo ni jambo jingine tena. Mtu akija na kitabu cha risiti, mwulize kwa heshima: ni ya ofisi gani, kwa sheria gani, inalipwa banki gani? Yohana Mbatizaji aliwakataza watoza ushuru kupita kiasi walichoamriwa (Luka 3), na agenti wengine ni washarika wetu wa Jumapili.

Kwa sasa nunueni daftari. Kila jioni andikeni kilichoingia upande mmoja, kilichotoka upande wa pili, na mchunge risiti za banki pamoja nalo. Asiye na daftari, agenti ndiye atakayemkadiria mauzo yake.