Mzigo Mzito Tusimpe Mama Peke Yake

Wahenga walisema: "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Methali hiyo yatukumbusha misafara ya karne ya 19, ambamo kila mpagazi alichukua shehena ya kilo 30 hivi kwa miezi mingi. Mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo. David Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 alikuwa na ngamia, punda na nyati. Wengi wao walikufa njiani, na mwanadamu akabaki kuwa ndiye chombo cha uchukuzi.

Hata leo, katika Ziwani na vijiji vingine vya pwani ya Mtwara hadi mlango wa Mto Ruvuma, pale gari lisipofika, kuni, mihogo na maji huchukuliwa kwa nguvu za mwili, na mara nyingi mchukuzi ni mwanamke. Je, sayansi ina lipi la kumwambia?

Kanuni ya kwanza ni kwamba mzigo ukae karibu na mstari wa wima upitao katikati ya mwili. Ukiwa mbali na mgongo, humvuta mtu nyuma. Naye hulazimika kuinama mbele, na misuli huchoka kwa kuzuia anguko tu. Ndiyo maana shanta nzuri ya wapanda milima hupangwa vitu vizito karibu na mgongo, na mkanda wake mpana wa kiunoni huupeleka uzito mwingi kwenye nyonga badala ya mabega. Mama aliyemfunga mwanawe kwa mbeleko, kifua cha mtoto kikigusa mgongo wake, anaitumia kanuni iyo hiyo.

Ndoo juu ya ngata nayo imo katika mstari huo. Mwaka 1986 wataalamu waliowapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya walitangaza kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada. Hata hivyo, utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2010 haukuiona nafuu hiyo.

Ndugu msomaji, tupige hesabu. Kwa mwanamke mwenye kilo 50, asilimia 20 ni kilo 10. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, yaani asilimia 40. Basi hata tukiukubali utafiti ule wa kwanza, ndoo hiyo imekwisha kuvuka mpaka wake mara mbili, na uzito wote hupitia katika mifupa ya shingo.

Kwa maoni yangu, tumezoea mno kuusifu ustadi wa mama zetu, na sifa hiyo imekuwa kisingizio cha kuwaachia mzigo. Mafundi cherehani wetu waweza kushona shanta yenye mkanda wa kiunoni kwa turubai. Madumu ya lita 10 yapo. Baiskeli na mkokoteni ni vyombo vya kitaalamu kama vilivyo vyombo vya maabara. Na kisima kilichochimbwa karibu hushinda shanta yoyote. Wanaume nao wana shingo na migongo.

Kazi ya sayansi si kustaajabia uvumilivu wa mchukuzi, bali ni kumpunguzia uzito na mwendo.