Msonge kwa Vitofali

Wako wasomi wadhaniao kwamba kujenga upya jengo la kale kwa vitofali vya kuchezea ni kazi ya watoto, isiyostahili nafasi chuoni. Dhana hiyo haina msingi. Aelezaye nyumba kwa maneno aweza kuruka asichokijua, wala asigunduliwe. Lakini aujengaye mfano wake hana pa kuruka, maana paa haliketi juu ya ukuta usiosimama.

Na utazamwe msonge wa Wasukuma, nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi lililochongoka, iliyokuwa ya kawaida Bariadi na katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu, uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012. Mahali pengi sasa kuta za pembe nne na mabati zimeushinda. Kitofali cha LEGO, ambacho hataza yake iliombwa Denmark tarehe 28 Januari 1958, nacho kina pembe nne. Hushikana na mwenziwe kwa vichwa vya juu na mirija ya tumboni. Ajaribuye kuujenga msonge kwa vitofali hivyo hukuta mara moja ugomvi wa pembe na mviringo. Hapo hana budi kuuliza: mzingo wa ukuta ni kiasi gani? Mlango waelekea wapi? Paa lateremka kwa mwinamo gani hata mvua isipenye? Hayo yote fundi wa zamani aliyajua kwa mkono wake, akayafunga kwa fito na kamba pasipo karatasi.

Basi kosa halimo katika mchezo. Limo katika uvivu wa wajengao kibanda cha pembe nne, wakakiita msonge kwa kuwa vitofali vyakubali upesi. Mfano wa namna hiyo ni ushahidi wa uongo, na wazee wakiisha kuondoka, mtoto wa Bariadi atauamini.

Yasemwa kwamba Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966, pamoja na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza, vyatosha. Havitoshi: kutazama si kujenga. Pasipo vitofali, udongo ufinyangwe. Lakini kanuni ni ile ile: mzee aulizwe kwanza, mviringo upimwe, ndipo mkono uanze.