Meli ikizama, mgeni ndiye huzama wa kwanza

"Meli inazama! Wanne wanne!"

Kama umewahi kuwa kwa kikundi cha vijana wa kanisa lolote kuanzia Mtito Andei hadi Emali, huo mchezo unaujua. Watu wanazunguka uwanjani wakiimba, kiongozi anapaza sauti kwamba meli inazama, anataja idadi, kila mtu anakimbia kushika wenzake. Mkipungua au mkizidi, mmezama. Mnatoka, mnaketi kando chini ya mti, mnatazama wengine wakiendelea kufurahia.

Nimeucheza tangu nikiwa mtoto hapa Kibwezi na sikuwahi kuona shida yake. Niliiona nikiwa na miaka 21, Jumamosi moja ya kukaribisha wageni kwa kikundi cha vijana cha kanisa ambalo sitalitaja, maana mwaitu, yaani mamangu, bado anasali huko na sitaki aulizwe maswali.

Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi miezi minne kabla. Chuo nilikuwa nimeacha nikiwa mwaka wa pili. Karo iliisha na hamu ikaisha, sijui ipi ilitangulia. Mama aliniambia, "Enda hata ukacheze na wenzako, hii nyumba itakumaliza." Nikaenda.

Tulianza na utambulisho. Duara kubwa, kila mtu ataje jina, chuo, kozi na mwaka. Zamu ilivyokuwa ikinikaribia nilikuwa nahesabu watu waliobaki kama mtu anayengoja sindano. Wa kulia kwangu alikuwa anasomea uuguzi, mwaka wa tatu. Makofi. Mimi nikataja jina, nikanyamaza kidogo, nikasema, "Niko tu." Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Msichana aliyenifuata alikuwa anauza maembe stejini, pale mabasi ya Mombasa husimama. Naye akasema, "Mimi pia niko tu." Halafu kijana wa boda boda, na jaketi lake la kazini, akataja jina la steji yake badala ya chuo. Makofi hayakuwepo, kila mtu akaangalia mtu aliyefuata.

Kisha meli ikazama.

Wanachuo walishikana na wanachuo. Kwaya ikashika kwaya. Waliosoma pamoja sekondari wakapata wenzao hata kabla kiongozi hajamaliza kutaja idadi. Sisi wa "niko tu" tukajikuta pamoja, mimi, msichana wa maembe na yule wa boda. Tulikuwa watatu kamili. Kiongozi alikuwa amesema wanne.

Mchezo wa kukaribisha wageni ulichukua kama dakika tano kuwatoa wageni wote. Saa nzima iliyobaki wenyeji walicheza wao kwa wao, wakitupungia mikono pale chini ya mti. Wa boda aliangalia simu, akasema ana mteja, akawasha pikipiki. Sijamwona kanisani tena.

Hili ndilo nataka viongozi wa vijana walisikie, hasa msimu huu ambao vijana waliomaliza kidato cha nne wanaanza kuingia kwa vikundi vyenu. Michezo yenu ya ukaribisho imepangwa na watu ambao tayari wako ndani. Mwenye marafiki anashinda, mwenye mistari ya Biblia kichwani anashinda, mwenye chuo anapigiwa makofi. Anayehitaji kikundi zaidi ya wote ndiye anatolewa raundi ya kwanza.

Mtaniambia ni mchezo tu. Sawa, lakini mbona mnatumia mchezo badala ya kusimama tu na kusema karibuni? Ni kwa sababu mnajua mchezo unafanya kazi ambayo maneno hayafanyi. Unamfanya mtu amshike mkono mtu asiyemjua. Sasa kama una nguvu ya kumwingiza mtu, ina maana una nguvu ya kumtoa pia.

Na hapo kwa chuo, jamani. Wamishonari Waskoti walifika hapa Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawachapa, wakazika wenzao, na kufikia 1898 walikuwa wamehamishia kazi yao Kikuyu. Walipokuja wakiwa wageni kwa Wakamba sidhani kuna mtu aliwauliza wako mwaka wa ngapi. Ila kijana wa Kikumbulyu akirudi nyumbani na begi moja lazima atoe ripoti mbele ya watu arobaini.

Turudi kwa hadithi yangu, maana haikuishia chini ya mti. Wiki mbili baadaye simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa vijana. "Niaje, bro? Nasikia wewe ni kipa." Ilikuwa kweli, nilidaka shuleni. Kulikuwa na mechi ya kirafiki dhidi ya vijana wa kanisa jirani na kipa wao alikuwa amepata kibarua Mombasa. Nikavalishwa jezi, nikaambiwa nikiulizwa niseme mimi ni mwanachama tangu mwaka uliopita. Yaani siku ya kukaribishwa nilitolewa, siku ya mechi nikageuzwa mwanachama wa zamani! Na sikuwa peke yangu. Winga wetu alitoka timu moja ya mtaani na hata jina la pasta hakulijua. Ile timu ingine nayo ilikuwa na mabeki wawili wenye ndevu ambao nina hakika walikuwa wameacha watoto wao nyumbani.

Zawadi ilikuwa mbuzi. Hapo ndipo urafiki uliisha. Mechi ya kirafiki yenye mbuzi si ya kirafiki tena, na hii nasema nikiwa mtu anayependa nyama. Dakika za mwisho refa, mwalimu wa shule ya msingi, akapuliza penalti. Mmoja akamsukuma, mwingine akamsukuma aliyesukuma, na kabla hujakohoa uwanja mzima ulikuwa unavutana mashati. Refa alikimbilia jikoni kwa akina mama. Wachungaji wawili waliingia katikati wakiwa na suti zao, kwa lile joto la Kibwezi la saa tisa, ambalo mnalijua. Mbuzi alirudi kwa mwenyewe.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walisimamisha michezo yote kwa mwaka mzima. Mpira, voliboli, hata kuvuta kamba. Vijana wakabaki na ibada, mikutano na michango.

Nawaelewa wazee, aibu ilikuwa kubwa. Ila walikosea, na ushahidi uko kwa ile nguzo ya voliboli waliyoiacha ikiota kutu nyuma ya kanisa.

Voliboli ilitungwa kwa jumuiya ya vijana wa Kikristo, ile tunayoiita YMCA. Basketiboli pia. YMCA yenyewe ilianzishwa London mwaka 1844 na George Williams na wenzake. Alikuwa na miaka 22, anafanya kazi kwa duka la vitambaa. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka mashambani kutafuta riziki mjini. Walikuwa watu wa "niko tu", kwa lugha yangu. Jumuiya ikavuka bahari, na Desemba 1891, mwaka ule ule Waskoti walipofika Kibwezi, mwalimu mmoja kwa chuo cha YMCA huko Springfield, Marekani, aliambiwa atafute mchezo wa ndani wa kuwatuliza vijana wakorofi wakati wa baridi. Aliitwa James Naismith, Mkanada aliyekuwa amesomea theolojia. Akatundika vikapu viwili vya kuvunia matunda, akawapa mpira.

Unajua ilikuwaje? Walipigana. Naismith mwenyewe alisimulia redioni mwaka 1939 kwamba vijana wale walirukiana, wakapigana mateke na ngumi, wengine wakaumia. Yaani ilikuwa kama sisi tu, bila mbuzi. Lakini hakuufunga mchezo. Alikaa chini akaangalia ugomvi unatoka wapi, akaona shida ni mtu kukimbia na mpira mkononi huku wenzake wakimkamata. Akapiga marufuku kukimbia na mpira. Hiyo sheria ndiyo inaitenganisha basketiboli na vita hadi leo.

Miaka minne baadaye, 1895, mwenzake William Morgan wa YMCA ya Holyoke, mji usio mbali na hapo, aliona basketiboli inawachosha watu wazima na wasio na mbio. Hakuwaambia waketi chini ya mti. Alifunga wavu juu, akatunga mchezo ambao huwezi kugongana na mpinzani, na hiyo ndiyo voliboli. Huyo jamaa alitazama ni nani anaachwa nje, halafu akabadilisha sheria. Nikisoma hiyo historia huwa nafikiria wazee wetu na ule mwaka mzima wa kimya.

Kwa sababu wale wa kwaya na wanachuo walibaki, wana sababu zao za kuja. Waliopotea ni wale waliokuwa wanakuja kwa sababu ya mpira. Mimi pia nilipotea. Nilikuwa nimeanza kuzoeana na watu mazoezini Jumatano jioni, mmoja akaniunganisha na kibarua cha kupiga picha harusini, na blogu yangu ilianzia hapo. Michezo ilipofungwa sikuwa na kisingizio cha kwenda, na kusema ukweli, hakuna aliyepiga simu kuuliza niko wapi. Nani atamtafuta kipa kama hakuna mechi?

Kuna kitu kingine ambacho nilikiona siku ile ya mechi na sikukitia maanani mpaka dada yangu aliponiuliza. Wasichana walikuwa wapi? Walikuwa jikoni, wakimenya viazi vya pilau na kubeba maji. Kwa kikundi ambacho wasichana ndio wengi, siku nzima ya michezo haikuwa na mchezo hata mmoja wao. Na hii ni nchi ambayo timu yake ya voliboli ya wanawake, Malkia Strikers, imefika Olimpiki Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Viazi hata wavulana wanaweza kumenya. Vibaya, lakini wanaweza.

Msichana wa maembe nilikutana naye tena mwaka jana stejini. Nikamkumbusha ile Jumamosi, akacheka. Nikamuuliza mbona hakurudi. Akaniambia, "Bana, Jumamosi ndiyo siku ya biashara. Niache mabasi yapite ndiyo nikaketi chini ya mti?" Sikuwa na jibu. Hakusema alidharauliwa wala hakuwa na uchungu. Alipiga hesabu, akaona hasara. Viongozi wengi hufikiri kijana asiyerudi ameanguka kiimani. Kumbe mwingine alikuja akalipa na siku yake ya kazi, na mkampa mti.

Kwa hivyo ushauri wangu si wa kiroho, kiroho mna wenyewe. Kwa utambulisho muulize mtu jina na kitu anachojua kufanya. Kukamua mbuzi, kusuka, kurekebisha simu, kudaka. Hapo mnachuo na wa boda wako sawa, na kikundi kinapata kujua kina nani. Ile michezo ya kutoa watu iwekeni mwisho, watu wakiwa wamezoeana. Anzeni na "Nyama, nyama, nyama", ule wa kuruka akitajwa mnyama anayeliwa, kwa sababu hapo hata kiongozi hujikuta ameruka kwa jina la fisi na kila mtu anamcheka. Anzeni na kuvuta kamba, ambako yule mnene mnayemtania kila siku ndiye nyote mnataka awe mwisho wa kamba yenu.

Kwa mechi za kirafiki, mbuzi achinjwe kabla na aliwe na timu zote mbili. Tena changanyeni timu, nusu ya huku na nusu ya huko, uone kama kutakuwa na mtu wa kuleta mamluki. Na kama lazima mlete mamluki, basi Jumatatu mpigieni simu.

Desemba iliyopita nilirudi Kibwezi kwa likizo na mwaitu akanituma kanisani nipeleke ndoo ya muthokoi kwa kambi ya vijana. Michezo ilikuwa imerudi, na kamati ni mpya. Nilikuta mchezo wa viti. Kuimba, kuzunguka, wimbo ukikatika unaketi, nikajua tu kuna wageni wanakaribia kutolewa. Nikasimama mlangoni na ndoo yangu kuangalia.

Walitoa kiti, lakini hawakumtoa mtu. Kiongozi, msichana mdogo kuniliko, alikuwa amebadilisha sheria. Viti vinapungua, watu hawapungui, na wimbo ukikatika lazima kila mmoja awe juu ya kiti au juu ya mtu aliye juu ya kiti, asiguse chini. Wasichana kwa viti vyao, wavulana kwa vyao, maana ni kanisa. Kufikia viti vitatu wavulana walikuwa wamebebana kama magunia ya makaa, mmoja akishikilia mwingine kwa mshipi, wote wakipiga kelele kwamba kuna mtu hajapata nafasi, vuteni huyo, vuteni huyo. Nilimwona mgeni mmoja, unajua tu mgeni kwa namna anavyosimama. Alinyakuliwa na mikono kama sita.

Kiti kikavunjika. Cha plastiki, cha kanisa. Kukawa kimya, kila mtu akatazama ofisi ya pasta.

Tulichanga. Mimi nilitoa mia moja.