Ulimi Wetu Hauna Kosa

Majuzi, kwenye semina ya walimu mjini Embu, mwezeshaji mmoja alitueleza kwa nini kompyuta huboronga tukiisomea imla. "Lafudhi za huku ni nzito," akasema. "Nyoosheni ndimi kwanza." Ukumbi mzima ukacheka. Waliocheka ni Waembu, Wambeere na Wameru, wakijicheka wenyewe, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Imani hii imeota mizizi: eti mashine haikosei, kwa hiyo ikikosea, mkosaji ni wewe. Ni uongo. Programu ya kutambua sauti haina sikio. Hulishwa saa nyingi za watu wakizungumza, pamoja na maandishi ya walichosema, ikajifunza kulinganisha. Sauti ambayo haikulishwa, haiijui. Basi swali ni moja tu: ilifundishwa na nani?

Si sisi. Hata mradi wa African Next Voices, unaokusanya sauti za kufundishia mashine, umerekodi saa 9,000 za lugha 18 za Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Hapa Kenya wamo Wakikuyu, Wajaluo, Wakalenjin, Wamaasai na Wasomali. Kimeru hakimo. Kiembu hakimo. Kimbeere ndiyo usiseme. Nasi Wameru, kwa sensa ya 2019, tunakaribia milioni mbili!

Naitamkia kompyuta yangu jina la mji wa "Nkubu", inaandika "kubwa". Naitamkia "Siakago", inaandika "si yako". Ulimi wangu una kosa gani hapo? Mashine haijawahi kusikia sauti za kwetu.

Wako wanaouliza, "Mbona mtangazaji wa Nairobi inamwelewa?" Inamwelewa kwa sababu imemzoea! Hoja gani hiyo? Mtoto aliyelelewa Mombasa asipomfuata mzee wa Igembe akizungumza, nani humlaumu mzee?

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kupima mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani weusi, mifumo hiyo ilikosea kwa wastani maneno 35 katika kila 100; kwa weupe, 19. Weusi hao Kiingereza wamezaliwa nacho. Nao waambiwe wanyooshe ndimi? Ilifundishwa na nani?

Dharau hii ya lafudhi zetu hatukuianza jana. Shuleni tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Leo wachekeshaji wa televisheni wanajipatia riziki kwa kuiga lafudhi ya Mmeru, nasi tunawapigia makofi. Aliyezoeshwa hivyo tangu utotoni, kompyuta ikimkosea, hujishuku mwenyewe kabla hajaishuku mashine.

Sauti zetu zipo. Muuga FM hutangaza kwa Kimeru, Wimwaro FM kwa Kiembu na Kimbeere. Wasomi wapo: Embu kuna chuo kikuu, na Nchiru kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kaunti zetu zitoe fedha, watu warekodiwe kuanzia Maua hadi Ishiara, wakisema Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kiswahili chao wenyewe, kisha kila neno liandikwe walivyolitamka. Hadi siku hiyo, mwalimu ambaye kompyuta imemwandikia upuuzi asiuguse ulimi wake. Asahihishe maandishi, halafu amwandikie mwenye programu amwambie kazi yake haijakwisha.