Tundu la Donati: Kwa Nini, au Ili Nini?

Lipo swali ambalo mwanafunzi akiliuliza katika kipindi cha fizikia huenda akaamriwa aketi chini asiwapotezee wenzake wakati: kwa nini donati ina tundu katikati? Andazi halina tundu. Kitumbua hakina, wala kalimati. Iweje basi kitafunwa hiki cha Wamarekani, ambacho siku hizi huuzwa hata katika miji yetu, kitobolewe mfano wa pete? Naliona swali hili kuwa bora kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vyetu vya kiada, na naomba ruhusa ya msomaji nilichezee kidogo, kwani sayansi nayo ina michezo yake.

Dhana ya kwanza imjiayo mtu anayewafahamu wachuuzi ni kwamba tundu ni hila ya biashara: mnunuzi hulipia hewa. Ingekuwa hivyo, tundu lingepanuka kila bei ya unga ipandapo, hata mwisho tukauziwa tundu tupu lililozungushiwa uzi. Dhana ya pili ni kwamba tundu ni la kutungia, kama shanga. Hii ina uzito kidogo, maana mikate ya pete kama bagel ya Wayahudi wa Poland, ambayo ilikwisha kutajwa katika maandishi ya mji wa Krakow mwaka 1610, imezoeleka kutungwa kwenye kamba au kijiti na kuuzwa hivyo. Lakini bagel huchemshwa kisha huokwa. Donati huzama katika mafuta ya moto, na nadhani jawabu tulitafute humo karaini.

Wamarekani wenyewe wanayo hadithi yao. Mwaka 1916 baharia mzee wa jimbo la Maine, Hanson Gregory, aliliambia gazeti la Washington Post kwamba yeye ndiye aliyetoboa donati ya kwanza, merikebuni, mwaka 1847, akiwa kijana wa miaka kama 16. Donati za siku hizo, alisema, ziliiva kingoni zikabaki mbichi katikati, na zilimlemea mlaji tumboni; basi akatwaa kifuniko cha mkebe wa pilipili akakata pale katikati. Ni kweli kwamba kitabu cha Washington Irving cha mwaka 1809 juu ya New York kinazieleza donati kuwa matonge ya unga wenye sukari yaliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, bila kutaja tundu. Mwaka 1941 jambo hili lilifanyiwa hata mjadala katika hoteli moja ya New York, upande wa pili ukisimamiwa na mzee wa kabila la Wampanoag aliyeleta hadithi ya donge lililotobolewa kwa mshale. Waamuzi wakampa ushindi Gregory. Mshale ungenifurahisha zaidi.

Hata hivyo, hadithi ya baharia hujibu swali la nani, si la kwa nini. Tena Gregory hakuwa peke yake. Wamoroko wana sfenj, pete ya unga iliyokaangwa. Watu wa kusini mwa India wana vada ya kunde, nayo hutobolewa katikati kwa kidole. Watu waliotengana kwa bahari na lugha wakifikia umbo moja, tuna haki ya kushuku kwamba aliyewafundisha wote ni mafuta yenyewe.

Tuyatazame basi. Mafuta ya kukaangia huwa na joto la nyuzi 180 hivi za sentigredi. Uso wa donge hupoteza maji upesi, ukakauka na kubadilika rangi. Ndani kuna maji bado, na maadamu yapo, joto la humo halivuki nyuzi 100 kwa urahisi. Unga uliokandwa ni mpitishaji hafifu wa joto: joto hutambaa ndani polepole, na muda wa safari hiyo hukua kwa mraba wa umbali. Ongeza umbali mara mbili, muda huongezeka mara nne. Ndiyo maana donge nene huungua nje likiwa bichi ndani, wala kuongeza moto hakuliponyi, kunazidisha kuungua.

Sasa tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Chukua pete ambayo mwili wake una unene wa sentimita 2, yaani nusukipenyo cha sentimita 1, na ambayo umbali kutoka kitovu cha tundu hadi katikati ya mwili ni sentimita 3. Ikate mahali pamoja uinyoshe: utapata mche duara wenye urefu wa sentimita 18.85. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 59.2, na eneo la uso ni sentimita za mraba 118.4. Unga huohuo ukiufanya tufe, nusukipenyo chake kitakuwa sentimita 2.4 na eneo lake sentimita za mraba 73.5 tu. Joto la kuifikia kati ya tufe lina safari ya sentimita 2.4, katika pete, sentimita 1. Kwa kanuni ya mraba tungetarajia tufe lichukue muda wa karibu mara 6. Lakini tufe hubanwa na joto kutoka pande zote, na pete haibanwi hivyo. Ukilizingatia hilo kwa hesabu za juu zaidi, tofauti hushuka hadi mara 3 na nusu hivi. Bado ni tofauti ya kitafunwa na hasara.

Mwanafunzi makini ataona jambo jingine. Gawanya eneo la pete kwa ujazo wake: jibu ni 2 kamili. Panua tundu utakavyo bila kugusa unene wa mwili, jibu litabaki 2. Kumbe tundu halipiki! Kinachopika ni wembamba, na tundu ni njia mojawapo tu ya kuupata. Muuza kalimati huupata kwa kufanya vidonge vidogo. Muuza maandazi huupata kwa kusukuma unga ukawa bapa, nalo andazi likiumuka mvuke hulifanyia uwazi wake humo ndani, tundu lisiloonekana. Wakulima wanaokata muhogo vipande kabla ya kuuanika uwe makopa wanatumia kanuni hiyohiyo, ila wao hawaingizi joto, wanatoa maji.

Kama mche ulionyoshwa ni sawa na pete, kwa nini basi tusikaange fimbo? Waspania hukaanga, huziita churros. Maoni yangu ni kwamba fimbo ina ncha mbili, na ncha hupigwa na mafuta mbele na ubavuni, ikaungua mapema. Pete haina ncha. Tena fimbo hubingirika mafutani, ilhali pete hutulia ikielea, hugeuzwa mara moja kwa kijiti. Anayekaanga kalimati na kulazimika kuzikorogakoroga bila kupumzika ataielewa faida hiyo kuliko mimi.

Wajerumani hukaanga donati zisizo na tundu, zenye jemu ndani, nami nilizila kwa wingi nilipokuwa masomoni ng'ambo. Je, hazivunji hoja yangu? Sidhani. Zimebonyezwa kidogo, si tufe, na hamira imezijaza hewa, hivyo unga wa kuivisha ni mchache kuliko uonavyo kwa macho. Lakini nakiri kwamba zinatufundisha kutosema "lazima" pale inapofaa kusema "husaidia".

Hapa ndipo mchezo unapoingia darasani. Seli nyekundu ya damu ya binadamu ni donati isiyokamilika: kisahani chenye upana wa mikromita 7 hadi 8, kilichobonyea pande zote mbili. Uso wake ni mkubwa kuliko wa tufe la ujazo uleule kwa kiasi cha asilimia 40, na hakuna sehemu yake iliyo mbali na uso huo. Wanafunzi wetu hulikariri hilo, na katika mtihani huandika: "Imebonyea ili ibebe oksijeni." Neno hilo "ili" linanikosesha raha. Gregory, kama alisema kweli, alitoboa ili paive. Alikuwa na nia na kifuniko cha mkebe. Seli haina nia. Umbo lake limetokana na vizazi vingi mno vya viumbe ambao wenye damu iliyowafaa waliishi na kuzaa. "Kwa nini" ya Kiswahili hubeba maswali yote mawili, la chanzo na la kusudi, na mwalimu asiyeyatenganisha humwachia mwanafunzi biolojia ambamo kila kiungo kimekaa kikao kikaazimia kazi yake. Mtihani huipa sentensi hiyo alama zote, jambo ambalo naliona kuwa hatari kuliko jibu lisilo sahihi, maana jibu lisilo sahihi angalau husahihishwa.

Kwa shule isiyo na maabara, wala fedha za kununulia mafuta, udongo wa mfinyanzi unatosha. Pima vipande vinne vya nusu kilo kila kimoja. Kimoja kiwe tufe, cha pili bapa kama chapati, cha tatu bangili, cha nne fimbo yenye unene sawasawa na wa bangili. Waandike kwanza wanachotarajia, kila mmoja kwa jina lake. Kisha viwekwe juu ya wavu kivulini, vipimwe uzito kila asubuhi saa ileile, na grafu ichorwe. Bangili itachelewa kidogo nyuma ya fimbo, kwa sababu hewa ya ndani ya tundu hushika unyevu. Lakini zikipishana sana, hesabu yangu ya hapo juu ina walakini, nami ningependa kuletewa vipimo hivyo pamoja na jina la darasa lililovichukua.