Vipele vya Dawa ya Ini

Mgonjwa wa ini aonapo ngozi yamwasha baada ya kuanza dawa, hupatwa na mawazo mawili: kuitupa dawa, au kunyamaza akavumilia. Sisi hatuoni jema katika yote mawili.

Mwaka 2011 Marekani iliruhusu telapreviri, dawa ya homa ya ini aina ya C, iliyotumiwa pamoja na intaferoni na ribavirini. Zaidi ya nusu ya walioitumia walitokwa na vipele, vingi vikiwa vyepesi. Lakini Desemba 2012 likatolewa onyo kali: wako waliokufa kwa kuendelea kuimeza hali vipele vyazidi. Mwaka 2014 ikaacha kuuzwa huko. Dawa za sasa, kama sofosbuviri, haziisumbui sana ngozi, ila zikitumiwa pamoja na ribavirini mwasho waweza kurudi.

Basi, ndugu msomaji, vipele vichache mwonyeshe tabibu, wala usiikate dawa kwa rai yako. Lakini ngozi ikitoka malengelenge, midomo ikachubuka, au uso ukavimba pamoja na homa, usingoje kupambazuke; nenda hospitali usiku huohuo, na dawa uzitumiazo uzichukue mkononi.